Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara ya kusini: kilomita tumezimaliza, mito bado

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Mbagala, mahali ambapo ukimuuliza mtu kwao ni wapi, haichukui muda kumpata wa Rufiji, wa Kilwa, wa Lindi au wa Mtwara. Barua hii ni kwa Waziri mwenye dhamana ya ujenzi, kwa watendaji wanaosimamia barabara kuu, na kwa wabunge wote ambao majimbo yao yameguswa na Barabara ya Kilwa, kuanzia Temeke hadi Mtwara Mjini. Nimechagua kuandika kiangazi kwa makusudi. Barua ya barabara ya kusini ikiandikwa masika husomwa kama kilio, na kilio hujibiwa kwa ziara, mabuti na malori ya kifusi. Kiangazi mna nafasi ya kukaa chini mkasoma.

Ombi langu ni moja, na mengine yote yanatokana nalo. Acheni kuipima barabara hii kwa kilomita za lami. Ipimeni kwa mito. Kilomita tulishazimaliza, tena kwa jasho. Mito ndiyo iliyobaki.

Najua baadhi yenu mnaijua kwa dirisha la gari lenye kiyoyozi na wengine kwa ndege ya Mtwara, basi niruhusuni niipitie upesi. Inaanzia Bendera Tatu, jirani na bandari, inapita viwanja vya Sabasaba, Mtoni, Mbagala Rangi Tatu na Kongowe. Kipande hicho cha mjini kimepata njia za mwendokasi za zege, na kwa hilo tunashukuru. Baada ya hapo ni Vikindu, Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri: mikorosho, minazi, mafungu ya machungwa na mananasi kando ya barabara, na matuta ya kupunguza mwendo ambayo dereva wa basi anayajua kwa kichwa. Ikwiriri ardhi inashuka. Unaingia bonde la Rufiji, unavuka Daraja la Mkapa, kisha Ndundu, Nyamwage, pande za Muhoro, hadi Somanga, ambako msafiri anainusa bahari kwa mara ya kwanza tangu aiache Kurasini. Unavuka mto Matandu, unafika Nangurukuru, njia panda ya Kilwa Kivinje na Masoko. Unavuka Mavuji, unapita Kiranjeranje, unavuka Mbwemkuru, unashika Mchinga, Lindi Mjini, Mingoyo. Hapo Mingoyo njia inagawanyika, mmoja anakwenda Mtama, Masasi, Tunduru mpaka Songea, mwingine anakwenda Mikindani na Mtwara. Kutoka Dar hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi.

Sasa kunjueni ramani. Barabara inatoka kaskazini kwenda kusini. Mito inatoka magharibi kwenda mashariki, baharini. Hakuna hata mmoja unaoweza kuukwepa. Mvua yote inayoshuka upande wa mashariki wa milima ya Matumbi lazima ipite chini ya lami yetu, na ikikosa njia chini itapita juu. Rufiji ni mkubwa lakini una adabu: unapanda kwa siku kadhaa, na habari zake zinatangulia kutoka Kilombero. Mito midogo ya Kilwa haitoi taarifa. Mvua inapiga usiku kule Kipatimu, milimani, na asubuhi maji yako barabarani. Yakikutana na bamvua, bahari nayo imejaa hadi ndani ya mikoko, hayana pa kwenda. Hapo tuta la barabara linageuka ukuta wa bwawa, na kalavati lililowekwa kwa hesabu ya mvua za zamani linakuwa tundu tu, tena lililozibwa na magogo.

Hili si la wahandisi peke yao. Njia hii ina historia, na kila ukurasa wake una mto.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akiwa ameshikwa shingo na Waingereza, alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Wafanyabiashara wa Kilwa hawakufunga biashara. Waliigeuza njia ya pwani kuwa barabara ya misafara. Watu waliotekwa pande za Ziwa Nyasa, wakishafikishwa Kilwa Kivinje, sasa waliswagwa kwa miguu kuelekea kaskazini, wakivushwa Matandu na Rufiji, hadi Barghash alipokuja kupiga marufuku misafara ya nchi kavu pia mwaka 1876. Umati mkubwa uliowahi kupita njia ya Kilwa na Dar enzi hizo ulikuwa ni wa watu wenye minyororo shingoni. Ningependa kuona kibao kinachosema hivyo mahali fulani kati ya Somanga na Ikwiriri, lakini najua hilo ni la wizara nyingine.

Miaka 30 hivi baadaye Wajerumani walikuwa na kituo chao cha utawala Muhoro. Hapo ndipo alipopelekwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa maji ya vita, akanyongwa Agosti 1905, wiki chache baada ya watu wa Nandete, Umatumbi, kung'oa pamba ya kulazimishwa. Wapiganaji walishuka milimani hadi Samanga, pwani, na vita vya Maji Maji vikaenea kusini nzima. Kilichofuata mnakijua: mashamba yalichomwa, ghala zikachomwa, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaosema kusini ilianza kubaki nyuma pale. Mimi nasema ilianza pale, ikaendelezwa na waliofuata.

Waingereza walikuja na karanga. Mwaka 1947 walianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea wakajenga bandari mpya Mtwara na kutandaza reli kutoka pwani kwenda bara. Karanga zikakataa. Mradi ukatelekezwa mwaka 1951, reli ikabaki inabeba kidogo kidogo, na mwaka 1963 ikafungwa, mataruma yakang'olewa. Watoto wa leo wa Nachingwea ukiwaambia treni ilikuwa inafika kwao wanacheka. Tangu wakati huo, kwa nchi kavu kusini ina barabara tu, na ya moja kwa moja kwenda Dar ni moja.

Tena barabara hiyo iliishia mtoni. Wenye umri wanakikumbuka kivuko cha Ndundu: foleni ya mabasi na malori kwenye tope, abiria wamelala chini ya magari, kivuko kimeharibika au maji yamejaa mno. Masika aliyekuwa na safari ya Mtwara aliuliza kwanza habari za meli. Watumishi wa serikali waliopangiwa Lindi walionewa huruma na ndugu zao kama waliopelekwa vitani. Ndipo mwaka 2003 Rais Benjamin Mkapa, mwenyewe mtu wa Masasi, akazindua daraja la mita 970 juu ya Rufiji, wakati huo refu kuliko yote nchini, likapewa jina lake. Sina haja ya kueleza lilivyopokelewa. Muulizeni mtu yeyote wa kusini aliyezidi miaka 40.

Lakini ng'ambo ya daraja kilibaki kipande kimoja. Ndundu hadi Somanga, kilomita 60. Lami ilikuwa imeshafika kaskazini yake na kusini yake, na kipande hicho kikakaa miaka na miaka kikiwa na mkataba, mkandarasi na tope. Udongo wa pale ni mfinyanzi mweusi wa bondeni. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mguu, ukilowa unameza tairi la lori hadi kwenye ekseli. Bungeni kipande hicho kilitajwa mpaka kikawa kama jina la mtu. Kilikuja kukamilika katikati ya miaka ya 2010, na hapo tukasema yamekwisha. Mabasi yalitoka Rangi Tatu alfajiri, alasiri yako Mtwara. Mtu aliweza kwenda kuzika Newala na kurudi kazini wiki hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa ufuta na mbaazi wakaacha kuhesabu siku za mzigo njiani.

Kosa lililofanyika hapo halikuwa la mkandarasi fulani, na wala simtafuti. Ni namna tulivyohesabu. Kwenye taarifa za serikali barabara ya Kibiti hadi Lindi ikaingizwa kwenye safu ya zilizokamilika, na barabara ikishaingia kwenye safu hiyo inaacha kuulizwa maswali. Hakuna aliyesimama bungeni kuuliza kalavati la Somanga linapitisha maji kiasi gani.

Jibu lilikuja tarehe 4 Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba Kimbunga Hidaya kinakuja, na kweli kikaingia pwani yetu, upande wa Mafia. Upepo ulipungua nguvu haraka, watu wakaanza kutaniana mitandaoni kuwa kimbunga kimeogopa. Mvua haikupungua. Ilipiga Kilwa na Lindi, na barabara ikakatika sehemu kadhaa kwa mkupuo: Somanga, Mikereng'ende, Lingaula, Matandu. Kusini nzima ikawa kisiwa kwa siku kadhaa. Mawaziri walihamia huko, wahandisi walilala huko, mitambo ilifanya kazi usiku na mchana, na mawasiliano yakarudi. Kwa kazi ile hatuna lawama, na vijana waliokuwa kwenye greda na malori ya mawe ndani ya maji yale wanastahili heshima yao.

Aliyepita baada ya njia ya muda kufunguliwa aliona jambo ambalo kwa kawaida haoni mtu. Barabara ilikuwa imekatwa wima kama keki, na ndani yake ukaweza kusoma kila tabaka: juu lami nyembamba inaning'inia bila kushikwa na kitu, chini yake kokoto, chini ya kokoto moramu nyekundu, chini ya moramu udongo wa tuta lenyewe, na chini kabisa vipande vya kalavati la zege vimetupwa upande wa baharini, mbali na pale vilipowekwa. Maji hayakuivunja lami kwa juu. Yalikula udongo pembeni ya kalavati, kwa sababu ndani ya kalavati hayakuenea. Kwa mtu asiye mhandisi kama mimi, somo lile lilitosha.

Aprili 2025 maji yakarudi palepale Somanga, safari zikakatika tena wakati kazi ya madaraja ya kudumu haijaisha. Foleni ya magari ikarudi, waziri akarudi, kifusi kikarudi. Mara ya kwanza unaweza kusema ni Hidaya. Mara ya pili ilikuwa mvua ya masika isiyo na jina.

Na hapa naomba tusidanganyane na maneno "haijawahi kutokea". Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, na wazee walikihadithia kwa miongo. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mtwara ikakaa roho juu. Aprili 2021 Jobo kilitufuata, kikafa kabla hakijafika. Mei 2024, Hidaya hakijasahaulika, kikaonekana kingine baharini, Ialy. Pwani ya kusini imo kwenye njia ya mambo haya. Atakayechora daraja la Somanga kwa kudhani Hidaya ilikuwa ajali ya mara moja atakuwa anachora kazi ya mrithi wake.

Sijui kama mmewahi kukaa Somanga kwa dakika zaidi ya zile za msafara kupunguza mwendo. Basi likisimama pale, kabla mlango haujafunguka, madirisha yote yameshazungukwa. Akina mama na vijana na mabeseni vichwani, samaki wa kukaanga wamepangwa vichwa upande mmoja, pweza amekatwakatwa na kuchomekwa kwenye vijiti, pilipili ya maji kwenye chupa ya soda iliyotobolewa kizibo. Unanyoosha mia tano dirishani, unapokea kijiti, pilipili unanyunyiziwa bila kuulizwa. Biashara ile yote hufanyika kwa muda ambao konda anapiga bati mara mbili. Barabara ikikatika, watu wanadhani Somanga inafaidi kwa kuwa magari yamejaa. Siku ya kwanza, ndiyo. Siku ya pili abiria wameishiwa nauli, wanaomba maji ya kunywa. Magari ya kaskazini hayafiki na ya kusini hayafiki. Barafu haipo, samaki anaoza ufukweni. Wavuvi wanaovua kwa ajili ya mabasi hawana soko lingine. Nawataja kwa sababu kwenye tathmini za hasara naona mnahesabu zege na vyuma.

Ile njia ya kuzunguka nayo isisemwe kirahisi. Tulipoambiwa mwaka 2024 wenye haraka wapite Songea, maana yake ilikuwa Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, ndipo Dar: zaidi ya kilomita 1,500 kwa safari ya 560. Hata hivyo ile lami ya Masasi, Tunduru hadi Namtumbo ndiyo iliyotuokoa. Ingekuwa zamani, kabla haijajengwa, hata huko kusingepitika masika. Na kuna barabara nyingine inayotajwa mwaka hadi mwaka, ile ya kutoka Ifakara kupitia Lupiro, Malinyi na Londo hadi Lumecha, ambayo ingempeleka mtu wa Ruvuma Morogoro bila kuzungukia Iringa. Itoeni kwenye hotuba iende kwenye zabuni.

Kuna kitu kingine kinachopita njia hii ambacho hakikwami. Gesi ya Songo Songo inaingia nchi kavu pale pale Somanga na kwenda Dar tangu mwaka 2004. Ya Mnazi Bay ikapewa bomba lake kubwa kutoka Mtwara, likaanza kazi mwaka 2015, miaka miwili baada ya watu wa Mtwara kuingia barabarani kuipinga safari yake. Mabomba yale yanavuka Rufiji, yanavuka na vijito vyote vya Kilwa. Sijapata kusikia jiji limekosa umeme kwa sababu bomba limesombwa na maji Somanga. Wale waliolipitisha bomba walikaa chini wakajiuliza maji yatakuja kwa nguvu gani na udongo utakwenda wapi. Maana yake utaalamu wa kuvuka mito ile upo nchini, na fedha zake zilipatikana kilipotakiwa kitu ambacho jiji haliwezi kukikosa.

Mzigo nao umebadilika. Barabara iliyofikiriwa kwa mabasi na malori ya korosho sasa inabeba saruji ya Mtwara kuja Dar, makaa ya mawe kutoka Ruvuma, na semitela ambazo zikipishana juu ya daraja dogo unashika kiti. Mlifanya jambo la maana msimu wa 2023/24 mlipoagiza korosho zisafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara badala ya kuja kwa malori hadi Dar. Bandari ile ina kina cha asili ambacho wengi wanakitafuta, na imeongezwa gati jipya. Basi endeleeni na njia hiyo hiyo: saruji na makaa ya mawe nayo ni mizigo ya bahari kabla hayajawa mizigo ya lori. Na meli ya abiria, hata moja ya kupita Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara, je? Babu zetu walikwenda Mtwara kwa meli wakati nchi haina kitu. Leo tuna boti za kasi za Zanzibar kila saa chache, na ukanda wote wa kusini hauna hata ya wiki.

Sasa niseme tunachotaka, kwa lugha ya kawaida.

Kwanza wekeni hadharani hesabu ya kila daraja kati ya Ndundu na Mbwemkuru. Lina urefu gani, liko juu ya ardhi kiasi gani, limechorwa kupitisha mafuriko ya kiwango gani, na mvua ya Hidaya imo kwenye hesabu hiyo au haimo. Sitaki michoro ya siri. Nataka ukurasa mmoja kwa kila mto, kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ofisi ya kata. Na kabla zege halijamwagwa, mhandisi achukue siku moja aende na wazee wa kijiji husika wamwonyeshe maji yalifika wapi. Watu wa Somanga wanajua mti upi ulizama hadi wapi. Warufiji wamelima mlau kwa vizazi, wanapanda mafuriko yakishuka, wanayajua maji ya bonde lao kuliko kitabu chochote. Serikali ilipowahamisha kutoka bondeni kuwapeleka vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960 ilisema inawaokoa na mafuriko. Ni haki basi nasi tuwaulize kuhusu mafuriko.

La pili ni dogo lakini ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halihitaji mkopo wa benki yoyote. Makalavati yasafishwe kabla ya vuli na tena kabla ya masika. Ukipita kiangazi na kuchungulia chini ya barabara utaona mengine yamejaa mchanga hadi nusu, mengine yameota vichaka, mengine yana gogo lililokaa tangu mafuriko yaliyopita. Vikundi vya vijana wa Nangurukuru, Somanga na Mchinga wapo, majembe wanayo. Wapeni mikataba midogo kwa mwaka, kila kikundi kipande chake, alipwe anayeonyesha tundu safi. Mfuko wa Barabara unachangiwa na kila lita ya mafuta, na lita zinazochomwa kwenye foleni ya Somanga zimechangia kama nyingine.

Tatu, madaraja ya chuma ya dharura yahifadhiwe Nangurukuru na Lindi, pamoja na mawe, na nyavu za kufungia mawe, na greda moja yenye dereva. Mwaka 2024 vifaa vililazimika kutoka mbali kuja kwenye barabara iliyokatika, na barabara iliyokatika haipitishi vifaa. Na pale magari yanapozuiwa, mkuu wa wilaya awe na utaratibu ulioandikwa wa maji ya kunywa, vyoo na gari la wagonjwa upande wa kusini wa mto, siyo wa kaskazini tu. Mama mjamzito anayepewa rufaa ya kuja Muhimbili hasubiri kifusi.

Haya mengine mnayajua na sitayarefusha: mabega ya barabara yaliyoliwa kati ya Mkuranga na Kibiti, alama za usiku zilizofutika, wanyama wanaovuka. Yatengenezwe tu.

Wabunge wetu nao nina neno nao. Msisimame tena kuuliza "ni lini serikali itakamilisha". Swali hilo lilikuwa zuri wakati wa kilomita 60, likajibiwa, likatudhuru. Ulizeni Matandu unapitisha maji kiasi gani. Ulizeni makalavati mangapi yamesafishwa robo hii ya mwaka na nani kayakagua. Waziri akijibu kwa kilomita, mkumbusheni mito.

Tunaomba majibu ya barua hii yabandikwe stendi ya Rangi Tatu, ya Nangurukuru, ya Lindi na ya Mtwara kabla mvua za vuli hazijaanza, kwa mto mmoja mmoja, pamoja na jina la cheo cha mtu atakayepigiwa simu mto huo ukijaa usiku. Mtakapokuwa tayari kuja kukagua, njooni kwa basi la kawaida la saa kumi na mbili asubuhi, mshuke Somanga, mtembee kwa miguu hadi kwenye daraja, mchungulie chini.

Wenu katika safari,
Msafiri wa kusini, mkazi wa Mbagala